Siku Darlene Alipofunga Vitanda

Mwanasheria wa hospitali, Bwana Pruitt, hakupandisha sauti hata kidogo siku aliyotaka kutuvunja miguu. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu, kikao cha tisa cha mazungumzo ya mkataba, na tulikuwa tumeketi katika chumba kile cha mikutano cha chini ambacho bomba lake la joto hugonga kama kuna mtu kafungiwa ndani. Wao walikuwa wanne, sisi saba. Akasogeza karatasi moja mbele yetu kwa ncha ya kidole, akasema hospitali inapendekeza badiliko dogo la maneno.

Badiliko lenyewe lilikuwa hili: viongozi wa zamu wote, thelathini na mmoja, sasa waitwe wasimamizi. Na kwa sheria ya nchi yetu, msimamizi hawezi kuwa mwanachama wa chama chetu cha wauguzi.

Kiongozi wa zamu ni muuguzi kama mimi. Tofauti ni kwamba asubuhi yeye ndiye anayeshika kalamu na kuandika ubaoni nani amhudumie mgonjwa yupi, na simu ikilia yeye ndiye anayepokea makaripio. Haajiri mtu, hafukuzi mtu. Hata pazia jipya la bafuni analiomba kwa maandishi, na analisubiri miezi.

Kiongozi wetu ghorofa ya nne alikuwa Darlene Kuchta, na siku ile alikuwa ameketi pembeni yangu. Alikuwa na miaka ishirini na saba katika wodi ile. Mwanamke mfupi, mpana wa mabega, miwani yake inaning'inia shingoni kwa uzi. Madaktari wapya humwogopa wiki mbili za kwanza, baada ya hapo huanza kumpelekea shida zao za nyumbani.

Pruitt akamgeukia yeye. "Bi Kuchta, leo asubuhi ni nani aliyepanga wagonjwa wa wodi yako?"

"Mimi."

"Kuna mtu alikuambia uwapangeje?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo uliamua kwa akili yako."

"Sasa ulitaka niazime ya nani?"

Tukacheka. Pruitt naye akatabasamu, na hapo nikajua kwamba Darlene ameingia mtegoni.

"Basi," akasema, "hatubadilishi chochote. Bi Kuchta anaamua, anaelekeza, anawajibika. Tayari ni msimamizi. Tunachoomba ni mkataba useme ukweli ulivyo."

Mkuu wa wauguzi, Gwen Stallard, alikuwa ameketi karibu naye, akiitikia kwa kichwa kila neno.

Tulipotoka nje, Terrence Oakley, mwakilishi wetu wa chama, alituvuta kando karibu na mashine ya kahawa. Terrence aliendesha gari la wagonjwa miaka kumi na minne kabla mgongo haujamgomea, na hana desturi ya kututisha bure. "Hawa thelathini na mmoja ndio wakongwe wenu," akasema. "Wakitolewa, hamna uti wa mgongo. Mkigoma, wao ndio watakaolazimishwa kuendesha wodi. Na wakithubutu kugoma pamoja nanyi, wanafukuzwa siku hiyohiyo, na hakuna mahakama itakayowasikiliza."

"Sasa tunafanyaje?" nikauliza.

"Tunathibitisha kwamba hawana mamlaka yoyote."

"Hilo kila mtu analijua," Darlene akasema.

"Kulijua si kulithibitisha, dada."

Kesho yake Stallard akaanza kuwaita viongozi wa zamu ofisini kwake, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Aliwapa mkono, aliwapa kiti. Kila aliyekubali mapema, bila kusubiri mkataba, angepata cheo, beji yenye ukanda wa buluu, na nafasi yake mwenyewe ya kuegesha gari mlangoni pa hospitali. Mjini kwetu Kesslerton mwezi wa tatu barafu bado imeng'ang'ania lami, na wauguzi wawili walikuwa wamevunjika vifundo vya mikono msimu ule wakitoka uwanja wa magari wa kule bondeni, kando ya mto. Nafasi ya mlangoni si kitu cha kuchekwa.

Colleen Durkin wa wodi ya upasuaji alikubali siku hiyohiyo. Colleen na Darlene walianza kazi mwezi mmoja. Darlene ndiye mama wa ubatizo wa binti yake. Walikutana chumba cha kubadilishia nguo, na mimi nilikuwepo, nimeshika kiatu kimoja mkononi, sijui nitoke au nikae.

"Umeshaivaa," Darlene akasema, akiitazama beji.

"Nimeivaa. Na usiniangalie hivyo."

"Nakuangaliaje?"

"Kama nimeiba. Nina miaka hamsini na nane, Darlene. Magoti yangu yamekwisha. Miaka yote hii nafanya kazi ya usimamizi bila jina, leo wamenipa jina, nilikatae kwa nini? Ili Terrence anipigie makofi?"

"Hujafanya kazi ya usimamizi, shoga. Umefanya kazi ya uuguzi na ukapokea simu juu yake."

"Wewe una wivu tu."

Darlene alifunga kabati lake taratibu, na mimi niliyemzoea nikaona jinsi mkono wake ulivyobaki pale kwenye kitasa.

Jioni ile tukikwangua barafu kwenye vioo vya magari yetu, aliniambia, "Yvonne, nitakuambia kitu, ukicheka nakupiga na hiki kikwaruzo. Gwen aliponiita ofisini akasema 'Msimamizi Kuchta', nilijisikia vizuri. Vizuri kabisa. Nilienda nalo hilo jina mpaka kwenye lifti."

"Halafu?"

"Halafu lifti ikafunguka ghorofa ya nne, kengele sita zinalia kwa pamoja, na nikakumbuka kwamba siwezi kumwita hata mtu mmoja aje kutusaidia."

Sasa nije kwenye Alhamisi.

Asubuhi tulikuwa wauguzi watano kwa wagonjwa ishirini na wanane, maana mmoja wetu aliamka na homa. Mimi nilipewa saba. Mmoja wao alikuwa mzee Sabol wa chumba 412, aliyewahi kuwa mchomeleaji katika kiwanda cha chuma kabla hakijafungwa, mapafu yake yamebaki nusu. Mzee yule huwa hapendi mpira wa oksijeni. Husema unamwasha pua. Saa nne kasoro nilikuwa chumba cha pili nikihangaika na dripu iliyoziba, na kengele ya 412 ilikuwa ikilia, nami nikajiambia, dakika moja tu, namalizia hapa. Ikawa dakika ishirini. Mwishowe niliingia 412 si kwa sababu ya kengele. Niliingia kuchukua blanketi kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Mpira ulikuwa sakafuni. Midomo ya mzee ilikuwa ya buluu na macho yake yalinitazama bila kuniona.

Nikamvika barakoa, nikafungua oksijeni mpaka mwisho, nikamwinua, nikamwita kwa jina. Taratibu rangi ikarudi. Alipopata pumzi, neno lake la kwanza lilikuwa tusi, na sijawahi kufurahia tusi namna ile.

Nikatoka ukumbini. Darlene alikuwa kwenye simu mbili. Moja ilikuwa ya ofisi ya ratiba ya wauguzi, ikimwambia hakuna mtu wa kumletea. Nyingine ilikuwa ya mapokezi ya dharura: wana wagonjwa wanne, wanawaleta juu sasa hivi, kwa sababu ubao wao unaonyesha tuna vitanda vinne vitupu.

Nikamweleza habari ya mzee Sabol. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaivua miwani yake ikaanguka kifuani.

"Yvonne, Jumanne yule mwanasheria alisema mimi ni nani?"

"Msimamizi."

"Na msimamizi anafanyaje?"

"Anaamua."

"Haya."

Hakukurupuka. Kwanza alizungumza na muuguzi wa mapokezi ya dharura kama mtu na mwenzake: hao wanne hali zao zikoje, kuna anayezidiwa, mnaweza kuwashika huko kwa muda gani? Akaambiwa wote wametulia na wanaweza kukaa muda wa saa mbili bila shida. Akapiga simu kwa wauguzi wawili wa wodi yetu waliokuwa mapumzikoni. Mmoja alikuwa dukani kwenye foleni ya mikate. "Iache hiyo mikate, njoo," akamwambia. "Nimeidhinisha mimi." Kisha akaenda kwenye ubao, akaandika kwa herufi kubwa:

VITANDA VINNE VIMEFUNGWA KWA SAA MBILI. D. KUCHTA, MSIMAMIZI.

Na maneno hayohayo akayatuma kwa ofisi ya ratiba.

Zilipita dakika kumi na moja. Stallard alitoka kwenye lifti kwa mwendo ambao sikuwahi kuuona kwake, koti lake halijafungwa vifungo.

"Darlene, nini hiki?"

"Mwandiko wangu."

"Nani amekupa ruhusa ya kufunga vitanda?"

"Bwana Pruitt. Ulikuwepo, Gwen. Ulikuwa unaitikia kwa kichwa."

"Usinichezee akili."

"Sina muda wa mchezo. Nina wagonjwa ishirini na wanane na watu watano. Yvonne ametoka kumrudisha mtu kutoka mlangoni pa kaburi, na kilichomwingiza mle chumbani ni blanketi. Nimeamua kwamba hapa haongezeki mgonjwa mpaka waongezeke wauguzi. Si ndiyo kazi ya msimamizi?"

"Kiongozi wa zamu hana mamlaka ya kufunga kitanda! Wala kumwita mtu kutoka nyumbani. Unalijua hilo vizuri sana."

"Nilikuwa nalijua mpaka Jumanne. Sasa nimechanganyikiwa. Niandikie."

"Nini?"

"Hayo uliyoyasema. Niandikie nisikosee tena."

Mke wa mgonjwa mmoja alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, hataki kupitwa na neno. Stallard akaufuta ubao kwa kiganja cha mkono, wino ukamganda mkononi, akarudi kwenye lifti.

Na akaandika. Kwa hasira zake, na kwa kutaka wengine wasiige, aliutuma ujumbe kwa viongozi wa zamu wote thelathini na mmoja: "Nawakumbusha kwamba kiongozi wa zamu hana mamlaka ya kufunga vitanda, kukataa wagonjwa, kuita wauguzi wa ziada wala kubadili idadi ya wafanyakazi. Maamuzi hayo ni ya uongozi peke yake."

Darlene aliusoma kwanza akiwa amesimama, kisha akakaa akausoma tena. "Mungu ambariki Gwen Stallard," akasema.

Lakini nisidanganye kwamba siku ile tulishinda. Wagonjwa wanne waliletwa juu kabla ya saa tano. Yule muuguzi aliyeacha mikate alifika, akarudishiwa mlangoni, akaambiwa hajaidhinishwa. Mimi nikapewa mgonjwa wa nane. Nilipomaliza zamu nilikaa ndani ya gari nikalia, kisha nikala tufaha lililokuwa kwenye mkoba tangu asubuhi, kisha nikalia tena kidogo.

Ijumaa tulikutana katika ukumbi wa zimamoto, kwa sababu ilikuwa Kwaresima na kila Ijumaa wazima moto wetu hukaanga samaki kwa mji mzima. Tulichukua meza za nyuma. Darlene alisimama na sahani yake mkononi.

"Sikilizeni," akasema. "Wanasema sisi ni wasimamizi. Basi tusimamie. Kuanzia kesho, kila kiongozi wa zamu ambaye wodi yake ina upungufu wa kweli, nasema wa kweli, msinitungie, apige simu ofisi ya ratiba na kuagiza muuguzi mmoja zaidi. Si kuomba. Kuagiza. Halafu aandike jibu alilopewa, neno kwa neno, na jina la aliyelitoa."

Kiongozi mmoja wa wodi ya watoto wachanga akanung'unika, "Wakitupa barua za onyo je?"

"Yangu imeshafika," Darlene akasema. "Nilikabidhiwa leo mchana. Karatasi nzuri, nzito. Hainiumi popote."

"Wewe huna mkopo wa nyumba."

"Ninao. Tena nina mume asiyefanya kazi na paa linalovuja. Usinifanye shujaa, mama. Ninaogopa kama wewe. Lakini wakituondoa chamani, hiyo hofu utakuwa nayo kila siku, na hutakuwa na mtu wa kukaa naye meza moja."

Yule mama alitafuna samaki wake kwa muda mrefu. "Ofisi ya ratiba namba yao ni ipi?" akauliza, na watu wakaangua kicheko, maana hakuna kiongozi wa zamu hospitali nzima asiyeiota usingizini.

Jumanne iliyofuata chumba cha mikutano kilijaa. Wauguzi waliotoka zamu walikuja na sare zao wakasimama ukutani. Na upande wa pili wa meza, kati ya Pruitt na Stallard, aliketi Colleen na beji yake ya buluu. Walikuwa wamemleta awe shahidi wao.

Darlene alipomwona alisita, nikadhani atashindwa. Kisha akavaa miwani yake akausoma ujumbe wa Stallard, wote, bila kuongeza chumvi. Alipofika "ni ya uongozi peke yake" akayarudia maneno hayo.

Pruitt akasema huo ulikuwa ujumbe wa siku moja, ulioandikwa katika haraka.

"Sawa," Darlene akasema, na viongozi wa zamu wakaanza kusoma majibu yao, mmoja baada ya mwingine. Wodi ya moyo, Jumamosi: "Wewe si wa kuagiza." Wodi ya wazazi, Jumamosi: "Nani kakudanganya?" Wodi ya figo, Jumapili: "Mwambie Darlene atuache tufanye kazi." Hapo hata msaidizi wa Pruitt alijifuta mdomo ili kuficha kicheko.

Pruitt hakucheka. Akamgeukia Colleen. "Bi Durkin, wewe sasa ni msimamizi rasmi. Hebu waeleze wenzako kazi yako ilivyo."

Colleen akaeleza habari ya vikao na fomu, sauti yake chini. Alipomaliza, Darlene akainamia meza.

"Colleen. Tangu uvae hiyo beji, umepungukiwa na wauguzi?"

"Si lazima ujibu," Stallard akasema.

"Nimepungukiwa," Colleen akajibu. "Jumamosi."

"Ukamwita mtu?"

Colleen aliitazama mikono yake. Alikuwa hapendi kuwa pale, na alikuwa hatupendi sisi wakati ule, hilo lilionekana wazi. Lakini miaka ishirini na saba ya kuandika hali ya mgonjwa kama ilivyo humbana mtu.

"Nilijaribu," akasema. "Wakaniambia nimuulize Gwen kwanza."

"Ukamuuliza?"

"Hakupokea simu."

Wauguzi waliosimama ukutani hawakushangilia. Pruitt akakusanya karatasi zake, akasema upande wake unaomba mapumziko. Walikaa huko muda wa saa mbili na nusu. Waliporudi Colleen hakuwa nao, na Pruitt, kwa sauti yake ileile ya taratibu, akasema hospitali inaliondoa pendekezo lake la maneno.

"Halipo tena?" Terrence akauliza.

"Halipo."

"Basi tuingie kwenye lile letu," Darlene akasema, akatoa karatasi ambayo hata mimi sikuijua. Aliiandika mwenyewe Jumapili baada ya misa. Ilisema: kiongozi wa zamu akiona wodi haina wauguzi wa kutosha, anaweza kusimamisha wagonjwa wapya kwa muda wa saa mbili, na katika muda huo uongozi lazima ulete mtu au uje wenyewe kuhudumia. Si kwa cheo. Kwa haki ya muuguzi, iliyoandikwa katika mkataba.

Stallard akauma meno. "Kabla ya mapumziko ulisema huna mamlaka, sasa unayataka."

"Juzi mlitaka kunipa jina bila mamlaka," Darlene akasema. "Mimi nataka hiyo haki. Jina kaeni nalo."

Walibishana nasi juu ya kifungu hicho wiki tano. Tulipiga kura ya mgomo katikati yake, ikapita kwa wingi ambao Terrence alisema hajawahi kuuona, na siku nne kabla hatujatoka nje walikubali, isipokuwa muda ulipunguzwa ukawa saa moja na nusu. Kwenye bima ya matibabu tulishindwa. Tunachangia zaidi kuliko zamani, na wapo wauguzi ambao hawajatusamehe kwa hilo, nami siwalaumu. Colleen aliondoka mwezi wa saba, akaenda hospitali ya ng'ambo ya mto. Yeye na Darlene walikutana kwenye mahafali ya yule binti wa ubatizo wakapiga picha pamoja, mkono begani. Sijui walizungumza nini.

Mkataba mpya uliipa barua ya onyo ya Darlene njia ya kufutwa. Terrence alikuja wodini na fomu ameshaijaza, kilichobaki ni sahihi tu.

"Weka hapa," akamwambia, "wiki ijayo faili lako ni safi."

Darlene alikuwa akipanga wagonjwa ubaoni na hakugeuka.

"Iache," akasema. "Siku nikistaafu watalifungua hilo faili kutafuta cha kuniandikia kwenye kadi ya kuniaga. Nataka waikute barua hiyo."

"Darlene, acha ukaidi."

"Terrence, nina wagonjwa ishirini na sita na mashine ya kupima presha imeharibika. Shika ile ya pili, ipeleke chumba cha mwisho, halafu tutazungumza."

Terrence akaikunja fomu, akaitia mfukoni, akaisukuma mashine kwenda chumba cha mwisho.